Mama Yake Nungu Yuko Kilombero

Turubai likipigwa na jua la mchana hutoa harufu yake lenyewe, ya mpira na vumbi na kitu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Juzi shuleni walifunga maturubai kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne, na sisi wa kidato cha tatu tukatumwa kupanga viti chini yake. Wenzangu walilalamikia joto. Mimi nilisimama na kiti mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa, maana harufu ile ilikuwa imenirudisha Mwembesongo, Morogoro, kwenye kibanda cha video cha Mjomba Abdu, mimi nikiwa darasa la pili na mdogo wangu Zena hajaanza hata la kwanza.

Naandika haya kwa sababu kuyasema siwezi. Hata mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, sauti huishia kooni. Kwa hiyo wewe unayesoma, sogea karibu, na tafadhali usije ukamwambia mama.

Kile kilikuwa kibanda umiza kama vilivyo vibanda umiza vyote: nguzo za miti, mabati juu, maturubai meusi pembeni ili mwanga usiingie, na mabenchi yaliyokuchoma makalio mpaka ukasahau filamu. Mbele palikuwa na TV ya kichogo, sabufa mbili, na kando ya TV kreti la soda lililogeuzwa juu chini. Hapo ndipo alipokaa mjomba na kipaza sauti chake kilichozungushiwa solotepu. Jioni walionyesha mpira, mchana filamu za ngumi, na Jumamosi na Jumapili asubuhi ilikuwa zamu yetu, watoto wa katuni.

Mjomba alitafsiri kila kitu. Kiingereza chake alikiokota humo humo kwenye filamu, na pale kilipomwishia alijazia Morogoro. Majambazi wa Ulaya walikimbilia Msamvu kuwahi basi. Wachumba waliahidiana kuoana baada ya mavuno. Wazee wa kwenye filamu wote waliongea kwa lafudhi ya mlimani, ile ya bibi yetu wa Kinole, na watoto wa mtaa mzima waliijua lafudhi hiyo kuliko waliyoisikia makwao. Sote tulimwita mjomba, hata wasio wajomba zake. Kwangu na kwa Zena ndiye alikuwa mjomba wa kweli, kaka wa mama zetu.

Katuni tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nungunungu mdogo mwenye skafu nyekundu. Kwenye televisheni za wenye ving'amuzi alikuwa na jina la Kizungu, lakini kwetu alikuwa Nungu. Aliishi na kobe mzee, Bibi Kobe, na kazi yake ilikuwa kusukuma kitoroli na kuuza kinywaji cha manjano ambacho mjomba alisema ni togwa. Kila katuni ilianza kwa wimbo ule ule: Nungu amesimama getini, anaitazama njia inayoteremka, na hakuna anayekuja. Kisha anageuka, anashika kitoroli chake, na visa vinaanza.

Sasa nikuambie habari ya Zena. Mama yake, yaani mama yangu mdogo, aliondoka nyumbani kwenda hospitali akiwa ameshika tumbo, na hakurudi. Tulimzika kwao, Kinole. Mimi nilipelekwa kwa sababu nilikuwa mkubwa kidogo. Zena aliachwa mjini kwa jirani yetu, Mama Tatu, na pakiti la biskuti. Tuliporudi akaambiwa mama amesafiri, yuko Kilombero, amepata kibarua cha kukata miwa. Huo ndio utaratibu wa wakubwa: mtoto mdogo haambiwi msiba, anaambiwa safari. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Kwa hiyo wazee wakakubaliana pale pale makaburini kwamba Abdu ndiye atakayemwambia, siku akili ya mtoto ikikomaa. Nilimsikia mjomba akiitikia. Alisema, "Niachieni mimi," na hakuna aliyemuuliza ni lini.

Basi Jumamosi moja, wimbo wa Nungu ukiwa unaimba, Zena akauliza kwa sauti, katikati ya kibanda kilichojaa:

"Mjomba, mama yake yuko wapi?"

Mjomba hakuwahi kukosa neno kwenye kipaza sauti. Siku ile tulisikia sabufa zikinguruma tupu. Halafu akasema, kwa ile sauti yake nzito ya Nungu: "Mama yangu kasafiri. Yuko Kilombero, kwenye miwa. Mvua zikikatika atarudi."

Zena aligeuka akanitazama, uso umemng'aa gizani. Kumbe na Nungu naye. Kuanzia hapo, kila wimbo ulipopigwa, mjomba alilazimika kulirudia neno hilo, na watoto wakalishika kama kiitikio. Nungu akisimama getini, kibanda kizima kinaitikia: yuko Kilombero, kwenye miwa.

Mimi sikuitikia. Nilikaa na hatia yangu kama mtu aliyekalia mwiba, na sikujua nimekosa nini. Sikuwa nimeiba wala kumpiga mtu. Nilikuwa na mama tu, na Zena hakuwa naye, na mimi nilikuwa nalijua hilo na yeye halijui. Nyumbani nilianza kushusha sauti ninapomwita mama. Baadaye nikaacha kumwita kabisa mbele ya Zena. Nilikuwa namfuata alipo, namvuta khanga. Mama akadhani nimepata uzito wa masikio, akanitilia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Alipotusuka alianza na Zena kila mara, na alipomaliza alimfuta mafuta shingoni taratibu, na mimi niliona wivu, na wivu ukinipata niliona haya mpaka machozi. Zena alikuwa akiniuliza Kilombero ni mbali kiasi gani. Nilimwambia ni mbali sana, ukivuka milima unakuta milima. Hilo angalau nililiona mwenyewe njia ya Kinole.

Siku moja habari zikaja kwamba Nungu ametolewa filamu. Filamu nzima, ndefu, siyo vile vipande vya kila wiki. Mjomba aliifuata Msamvu kwa jamaa mmoja anayeuza muvi kwenye flashi, akarudi anatabasamu peke yake njiani. Jamaa alikuwa amemwambia imeshatiwa Kiswahili, safi, haihitaji mtafsiri. Mjomba akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: NUNGU, FILAMU KUBWA, KISWAHILI KITUPU. Alitaka kuionja kwanza jioni ile lakini umeme ulikatika ukarudi asubuhi, watoto wakiwa wameshapanga foleni mpaka kwa fundi baiskeli. Walikuja hata wa Kichangani.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mjomba akikaa benchi la mbele kama mtazamaji. Alivaa shati la Idi. Kipaza sauti alikuwa nacho mapajani, kwa mazoea tu.

Mwanzo tu watoto hawakufurahi. Nungu alikuwa anaitwa Tobi. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya adabu, kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Halafu Bibi Kobe akafungua mdomo, na akawa mwanaume. Kibanda kizima kikaguna. Mtoto mmoja nyuma yangu akasema labda Bibi Kobe ana mafua. Togwa nayo ikawa juisi ya limau. Lakini kisa kilikuwa kitamu, kwamba Nungu ameamua kwenda kumtafuta mama yake, akafunga skafu yake, akashika njia ile ile ya kwenye wimbo, na sote tulikuwa tumeisubiri njia hiyo tangu zamani. Zena alisogea mpaka ukingoni mwa benchi. Alininong'oneza kwamba sasa hivi tutaiona Kilombero.

Nungu alifika kwenye kilima chenye nyasi ndefu. Kobe alikuwa amemfuata nyuma, polepole, akamkuta amekaa kando ya jiwe. Akamwambia, kwa Kiswahili kile safi cha kusoma:

"Mama yako alifariki ulipokuwa mdogo, Tobi. Nilipaswa kukuambia zamani."

Niliona bega la mjomba likishtuka. Kipaza sauti kikalia, na sauti yake ikaingia juu ya sauti ya kobe: "Anasema mama yake amechoka. Amelala kidogo. Miwa ilikuwa mingi mwaka huu."

"Mjomba, tunasikia wenyewe," alisema Tatu. Huyu ndiye binti wa yule jirani wa biskuti, mkubwa kuliko sisi wote na mwenye mdomo.

"Anasema atarudi mvua zikikatika," mjomba akaendelea, na jasho lilikuwa limeloanisha mgongo wa shati la Idi.

Watoto wakaanza kumzomea. Mwache Kobe aongee, walisema. Mjomba kwa muda akawa anashindana na sabufa zake mwenyewe, huku zinasema amefariki, huku yeye anasema amelala, mpaka mmoja akampigia mluzi. Ndipo akazima kipaza sauti. Nungu alilia, kobe akamfunika kwa skafu, na baada ya hapo kukawa na visa vingine na mwisho wakacheza ngoma. Sikuviona. Nilikuwa namwangalia Zena, na Zena alikuwa anaangalia mbele bila kupepesa.

Nje, kwenye jua, kila mtu alikuwa na maoni yake. Wengi walisema ni feki, imetengenezwa Kariakoo. Wengine wakasema hata miiba siyo ile, Nungu wetu ana miiba mirefu. Mtoto wa Kichangani akaja na hoja ambayo watu waliipenda, kwamba Tobi ni binamu yake Nungu, wamefanana kwa kuwa ni ukoo mmoja, na aliyefiwa ni huyo binamu. Nungu mwenyewe mama yake yupo. Tatu aliwasikiliza wote, kisha akacheka.

"Wajinga nyie," alisema. "Nungu ni yule yule. Mjomba ndiye alikuwa anatupiga fiksi."

Zena, tulipoanza kutembea kurudi nyumbani alianza kuuliza watu. Alimwendea kila mtoto aliyetoka kibandani, mmoja baada ya mwingine, akimvuta shati: wewe umeonaje filamu, yule alikuwa Nungu mwenyewe? Akijibiwa siye, anakunja kidole cha mkono wa kulia. Akijibiwa ndiye, anakunja cha kushoto. Alimuuliza aliyekuwa anakula bisi, akamuuliza aliyelala usingizi nusu ya filamu. Aliwauliza mpaka wasioiona. Mama Tatu alikuwa barazani anakaanga mihogo, na Zena alipomwuliza aliuweka chini mwiko.

"Kama mama yake yuko Kilombero, si yuko Kilombero," alisema, akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akasema moshi wa leo umezidi.

Halafu Zena akanigeukia mimi.

"Na wewe, dada Asha?"

Nilikuwa naijua hukumu aliyokuwa anaitafuta. Mkono wa kulia, wa siye, ulikuwa umejaa, wa kushoto, wa ndiye, una vidole vichache, lakini alivishikilia hivyo vichache kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nilijua pia agizo la mama, kwamba neno hilo lisitoke kwangu hata nikichapwa.

"Muulize mjomba," nilisema.

Tulirudi. Mjomba alikuwa peke yake ndani, anakunja waya, turubai moja limefunuliwa na mwanga umeingia. Zena alisimama mbele yake na kumwamkia upya, ingawa alishamwamkia asubuhi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Yule ndiye Nungu wetu?"

Ningeweza kuapa alikuwa na jibu la Kichangani mdomoni, la binamu, maana alilisikia kama tulivyolisikia wote. Aliuweka waya chini.

"Ndiye," alisema.

"Kwa hiyo mama yake hayuko Kilombero."

"Hayuko."

"Na mimi?"

Mjomba alikaa kwenye kreti. Alimshika Zena mabega yote mawili. "Na wewe pia, mama'ngu. Mama yako yuko Kinole, tulimzika. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea."

"Lini?"

"Siku ile uliyobaki kwa Mama Tatu."

Zena akafikiri. "Siku ya biskuti," alisema. Hakulia. Alikunjua vidole vyake vyote, akavipangusa kwenye gauni, kisha akamwambia, bila hasira, kama mtu anayekumbusha kitu kidogo: "Kobe alimwambia mwenyewe. Nungu hakumuuliza."

Mjomba alivua kofia yake, akajifunika nayo uso. Sikuwa nimewahi kumwona mwanaume mzima akilia bila sauti, na sikutaka kuona, nikatoka nje nikasimama kwenye harufu ya turubai.

Mama alipoambiwa aliwaka. Alimuuliza kaka yake ana akili gani, mtoto mdogo vile, kwenye kibanda cha filamu, hata mzee mmoja hayupo. Mjomba hakujitetea. Aliyemtetea ni bibi, aliyekuwa ameshuka kutoka mlimani kuuza ndizi. Alisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi kilio tulikuwa nacho tayari, tulichokificha ni mtoto tu. Wiki iliyofuata tukapanda wote kwenda Kinole. Kulikuwa na ukungu, migomba inadondosha maji. Zena aling'oa magugu juu ya kaburi la mama yake kwa bidii, kama aliyepewa kazi shuleni, na alipomaliza akauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza.

Mjomba aliendelea kutafsiri, lakini siye yule. Ikifika mahali asipoelewa alikuwa anasema kwenye kipaza sauti, "Hapa sijui anasema nini," na ananyamaza. Watoto hawakumwelewa. Walisema filamu za siku hizi zimekuwa mbovu, wakapungua, na baadaye simu zikajaa mtaani, kibanda kikawa duka la mkaa. Kwenye wimbo wa Nungu hakutafsiri chochote tena. Aliuacha uimbe.

Na mimi kwa miaka yote hiyo niliichukia ile filamu. Mtu akinitajia, nilisema ni mbaya, haifai watoto, na nilisema kwa sauti, mimi ambaye sisemi. Nilihitaji mwenye kosa, na kobe wa kwenye TV hawezi kujibu.

Likizo iliyopita Zena aliikuta kwenye simu ya mama. Yuko kidato cha kwanza sasa, mrefu kunipita. Tukaitazama kitandani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Nilishangaa jinsi kile kipande cha kilimani kilivyo kifupi. Kobe anasema maneno mawili, matatu, anakaa naye, basi. Na filamu ni nzuri. Inachekesha. Nililazimika kukubali hivyo nikiwa na umri huu. Walioitengeneza hawakumjua Zena, lakini walidhani mtoto anaweza kuambiwa, na sisi tuliomlisha na kumsuka hatukudhani hivyo. Tulijiambia tunamlinda. Naona sasa kwamba kila mmoja wetu alikuwa anajilinda yeye, asiwe ndiye atakayeuona uso wa Zena akiambiwa. Hata mimi nilimpeleka kwa mjomba.

Nilimuuliza, kwa shida, kama alitukasirikia kwa kumdanganya. Alisema uongo wa Kilombero haukumuuma, ulikuwa mzuri, aliupenda.

"Kinachoniuma ni arobaini," alisema. "Mlifanya khitma ya mama hapa nyumbani, watu wamejaa, wanalia, mimi nakimbia kimbia nikidhani ni sherehe. Nilikula pilau, dada. Nikaomba niongezwe."

Lililobaki naliandika hapa tu, maana kumwambia siwezi. Alikuwa mdogo mno, labda hakumbuki ni nani aliyechukua sahani yake, akapenya katikati ya kina mama wenye khanga vichwani mpaka kwenye sufuria, akamchagulia nyama, akamrudishia imejaa.